Kambi ya manamba inabomolewa: je, chumba cha mkata mkonge kinaweza kuwa makumbusho?

MjukuuWaMuha (Muheza)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naomba ushauri kwa yeyote mwenye uzoefu wa makumbusho, awe amefanya kazi humo au ametembelea tu akaona mambo yanavyoendeshwa. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Babu yangu mzaa baba, Muha, alitoka Kasulu kuja Tanga kukata mkonge. Alikuja kwa mkataba, ndio hao walioitwa manamba. Treni hadi Morogoro, halafu lori hadi Korogwe, maana kipande cha reli cha Ruvu hadi Mnyusi kinachounganisha Reli ya Kati na ya Tanga kilikuwa bado hakijajengwa. Kilifunguliwa 1963, na wakati huo babu alishakuwa mwenyeji. Hakurudi Kasulu. Alioa huku Ubondei, akazaa, akazikwa hukuhuku.

Kambi aliyoishi bado ipo, ila imebaki nusu. Ni shamba moja kati ya Muheza na Korogwe, jina naliacha. Ni nyumba ndefu, vyumba vimepangana ubavu kwa ubavu, kila chumba mlango mmoja na kitundu cha dirisha huko juu ambacho mtu mzima hawezi kuchungulia bila kupanda juu ya kitu. Chumba cha babu nakijua kwa sababu shangazi alinionyesha. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, kuna duara jeusi la moshi wa kibatari. Kizingiti cha saruji kina mfereji uliochimbika katikati, laini kama bakuli, na hapo ndipo walipokuwa wakinoa visu vya mkonge alfajiri kabla ya kwenda shambani. Vizingiti vyote vya mstari ule vina mfereji huo, vingine viwili. Hicho ndicho kinachoniumiza kichwa. Siku wakivunja vizingiti, hakuna mwingine atakayejua kama watu walinoa hapo.

Na wameshaanza kuvunja. Mistari miwili imekwisha, matofali yanapakiwa kwenda kujengea kwingine. Nimeongea na uongozi wa shamba, wamenisikiliza kwa heshima, wakasema nikiwa na hoja niilete kwa maandishi kabla hawajaufikia mstari wa mwisho.

Nilivyonavyo nyumbani ni vipande vya babu, kisu chake, sufuria aliyopokelea posho, na picha moja ya studio amesimama na rafiki yake Mmakonde, wote wamevaa kofia. Kwa vijana wasiojua, kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, kisanduku kimoja kinajazwa. Usipoimaliza, umefanya kazi bure, kisanduku kinabaki wazi. Mshahara ni mpaka kadi ijae. Kwenye kadi moja ya babu kuna pengo refu katikati, halafu mwandiko wa karani unabadilika. Shangazi anasema hapo alikuwa anaumwa.

Makumbusho nimeyaona machache. Kijiji cha Makumbusho pale Dar, kilichofunguliwa 1966, nakipenda sana, nyumba za makabila zimejengwa vizuri na zinatunzwa. Lakini pale Muha yuko kwao. Muha aliyeondoka kwao akaenda kulala chumba kimoja na watu asiowajua, hayupo. Na mkonge wenyewe historia yake inasimuliwa kila mahali. Mtoto yeyote wa Tanga atakwambia Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 ikasalia 62. Miche 62 tunaijua. Waliokata mkonge uliotokana na miche hiyo hatumtaji hata mmoja kwa jina.

Maswali yangu: kuna mahali popote duniani walipohifadhi vyumba vya wafanyakazi wa chini namna hii, watu wakaenda kuangalia? Walianzaje? Na niandike nini kwa uongozi?

Natanguliza shukrani.

---

Mkulima_Handeni

Mkuu, nia yako njema na nakuheshimu kwa kumkumbuka mzee. Ila nitasema lililo moyoni.

Baba yangu naye alikuwa kambini. Maisha yake yote hakutaka tumuulize habari za kule. Alipigwa na mnyapara mbele ya vijana wadogo zake, hilo nililijua kwa mama baada ya mazishi. Kwa wazee wale kambi ilikuwa fedheha waliyotaka iishe. Alipopata shamba lake la mahindi alichoma kila kitu alichotoka nacho kule.

Sasa tuchukue chumba kile tukifagie, tuweke kamba mlangoni, watu walipe kiingilio waje kutazama dhiki ya baba zetu? Sikatai, nauliza. Nani atakuja? Na akija atatoka na nini zaidi ya kusema "masikini watu hawa"?

---

BintiNgamiani (New York)

Mjukuu wa Muha, marahaba. Na wewe Mkulima, pole kwa mzee.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nimekaa New York miaka mingi, nafanya usafi wa maofisi usiku. Swali lako la kwanza nina jibu lake, na swali la Mkulima ndilo lililonifanya nikae chini niandike leo badala ya kulala.

Mahali hapo papo. Panaitwa Tenement Museum, Orchard Street namba 97, upande wa chini wa Manhattan. Ni jengo la kupangisha lililojengwa 1863 na fundi cherehani mhamiaji kutoka Ujerumani, Lukas Glockner. Msidhani ni jumba. Ni ghorofa la matofali la kawaida, la watu wa kawaida. Kila familia ilikuwa na vyumba vitatu, chumba cha mbele, jiko na cha kulala, vyote kwa pamoja kama mita za mraba 30, na chumba cha mbele peke yake ndicho chenye madirisha ya nje. Choo uani, maji uani, mtu wa ghorofa ya juu anapandisha ndoo kwenye ngazi za giza. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1901 ndipo wenye nyumba wa jiji hili walazimishwe kuweka vyoo ndani na kutoboa madirisha kwenye kuta za kati ili mwanga wa chumba cha mbele ufike ndani.

Watu wanaokadiriwa 7,000 waliishi mle hadi 1935, wametoka nchi zaidi ya 20. Mwaka huo masharti ya kuzuia moto yalikuwa yamekazwa, mwenye nyumba akaona ukarabati utamla, akawatoa wapangaji wa juu na kubakiza maduka ya chini. Vyumba vya juu vikafungwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1988 wanawake wawili, Ruth Abram na Anita Jacobson, walikuwa wanatafuta mahali pa kuanzishia makumbusho ya wahamiaji. Walikwenda kuangalia duka la chini tu. Kupanda juu wakakuta vyumba vimekaa vilevile, karatasi za ukutani zimebandikwa tabaka juu ya tabaka, kila mpangaji kaziba ya mwenzake. Sasa mdogo wangu, tazama tofauti: wao walikuta jengo ambalo hakuna aliyelitaka. Wewe unashindana na mtu anayehitaji matofali. Kwa hiyo wewe huna muda waliokuwa nao.

Mle huingii ukazunguka peke yako. Unaingia na mtu wa kuwaongoza, kundi dogo, na hamwonyeshwi "maisha ya maskini". Mnaingizwa kwa mtu. Mnaambiwa hapa ni kwa Natalie Gumpertz. Oktoba 1874 mumewe Julius aliondoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi tena. Mwanamke akabaki na watoto na kodi ya nyumba. Akageuza chumba cha mbele kuwa cha kushonea magauni ya watu. Mwaka 1883 akaenda mahakamani kuomba mumewe ahesabiwe amekufa, ili apokee urithi wa dola 600 uliotoka kwa ukweni Ujerumani. Mnasimama pale penye cherehani, na kila mama aliyemo kwenye kundi anaanza kupiga hesabu ya kodi kichwani. Nimewaona wakifanya hivyo, midomo inacheza.

Ghorofa hiyohiyo kuna kwa Harris na Jennie Levine, waliokuwa na karakana ya nguo chumbani kwao miaka ya 1890. Jikoni pasi inachemshwa kwenye jiko lilelile la kupikia, mbele wanashona, mtoto mchanga analia katikati ya vitambaa. Halafu kuna kwa akina Baldizzi kutoka Sicily, walioishi pale mpaka nyumba ilipofungwa 1935. Adolfo alikuwa fundi wa mbao hodari, lakini ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, akawa anatembea na sanduku lake la zana mitaani kuulizia vibarua. Jikoni kwao sinki la kuoshea vyombo liko pembeni ya beseni la kufulia, na watoto walikuwa wanaogeshwa mlemle. Kuna kisanduku cha mbao cha jibini la msaada wa serikali ambacho mama aligeuza kuwa cha kupandia maua. Mara inawashwa sauti ya mwanamke mzee anaongea. Ni Josephine, mtoto wa nyumba ile, alirekodiwa akiwa mtu mzima anasimulia jiko la mama yake. Basi watu wote kimya.

Mkulima, umeuliza mtu atatoka na nini. Nikuambie nilichotoka nacho mimi. Kuna chumba cha Fannie Rogarshevsky. Mumewe Abraham alikufa kwa kifua kikuu 1918. Fannie akamwendea mwenye nyumba, akapewa kazi ya kusafisha na kulitunza jengo, na malipo yake ikawa ni kuishi pale. Mimi ni msafishaji. Nafuta meza za watu ambao hawajawahi kuniona usoni, naingia wakishatoka. Na nilikuwa nimesimama kwenye nyumba ya msafishaji, watu wametoka nchi mbalimbali wamelipa fedha zao, wanamsikiliza habari zake kwa adabu kama wanaoambiwa habari za mfalme. Hakuna aliyesema "masikini". Waliuliza maswali: alilipwaje, watoto walikula nini, akiugua nani alishika kazi? Kile ndicho mzee wako alistahili, mtu kumuuliza maswali kwa adabu. Kupigwa na mnyapara haikuwa fedheha yake. Fedheha ilikuwa ya mnyapara na waliomtuma, na mahali pa kulisema hilo wazi ni palepale kambini alipopigiwa.

Sasa ushauri, kwa niliyoyaona kule.

Usiombe kambi nzima. Omba vyumba viwili vilivyopakana kwenye mstari wa mwisho. Kimoja kipange kiwe cha babu yako kwa jina lake, mwaka mmoja mnaoujua vizuri, vitu vilivyokuwemo mwaka huo na si vinginevyo. Cha pili msikiguse. Msipake chokaa, msizibe nyufa, moshi wa kibatari uachwe. Orchard Street wanafanya hivyohivyo, vyumba vingine wamevirudisha vilivyokuwa, vingine wameviacha vimechubuka ili uone tabaka. Na vile vilivyochubuka, kwangu mimi, ndivyo vinavyosema zaidi.

La pili, usiwasahau wasiokuwa na vipande. Kwa miaka mingi makumbusho ile ilisimulia habari za familia za Ulaya peke yake. Walikuwa na habari za Mwairishi anaitwa Joseph Moore, mhudumu wa mkahawa. Katika kitabu cha anwani za jiji cha wakati ule, karibu na jina lake, kulikuwa na Joseph Moore mwingine, mhudumu vilevile, mtu mweusi. Wageni wakawa wanauliza: na huyu je? Wakamfuatilia, na mwishoni mwa 2023 wakafungua nyumba yake yeye na mkewe Rachel, ya mwaka 1869. Yeye hakuishi Orchard Street, alikuwa mtaa mwingine, na mwongozaji anakwambia hilo tangu mlangoni. Kwenu huko hao ni wanawake. Bibi yako Mbondei, waliopika, waliouza uji njiani, waliozalia mle. Kipande hawana, lakini watu wanaowakumbuka wapo.

Na hilo ndilo la kuanza nalo, hata kabla ya barua. Shangazi yako arekodiwe. Chukua simu, nenda naye hadi kwenye kizingiti, mwache aongee.

---

MjukuuWaMuha (Muheza)

Dada, nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea shangazi kwa sauti. Nilipofika kwa Fannie aliniambia nirudie.

Kuhusu mwaka mmoja, hapo ndipo nakwama. Shangazi anataka 1958, kwa sababu ya migomo. Anasema ndio wakati watu wa kambi walianza kuitwa kwa majina yao na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikawa na nguvu, wakati wa viongozi wake akina Victor Mkello. Mimi nataka mwaka wa kile kipande chenye pengo, ambao ni wa nyuma zaidi, kwa sababu kipande kipo mkononi. Wewe ungechagua upi?

---

BintiNgamiani (New York)

Wa kipande. Migomo ilikuwa ya watu wengi na itaandikwa na wengi. Ule ugonjwa wa babu yako hakuna atakayeuandika isipokuwa ninyi. Mgeni akiona visanduku vitupu, akaambiwa siku hizi zote mtu huyu alikuwa amelala kwenye chumba hiki, na mkononi alikuwa na kadi isiyojaa, mshahara hautoki, ataelewa mwenyewe kwa nini 1958 ilikuja. Shangazi aizungumze 1958 kwa sauti yake, muiweke kwenye chumba cha pili.

---

Msafiri_Strand (Afrika Kusini)

Wandugu, nimeupenda uzi huu. Niongeze kitu cha karibu zaidi na kambi kuliko ghorofa la New York.

Mimi ni mtu wa Lushoto, niko huku mkoa wa Cape. Karibu na ninapoishi kuna mtaa unaitwa Lwandle, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwa mabweni ya wanaume waliotoka Eastern Cape kufanya kazi kwenye viwanda vya kusindika matunda na kazi nyingine za hapa. Wanaume watupu, mke haruhusiwi, kibali cha kutembelea, yaani pasi, mfukoni, vitanda vimebanana. Sheria za pasi zilifutwa 1986, wake na watoto wakaja, bweni la wanaume likawa linalaza familia. Baadaye serikali mpya ikageuza mabweni kuwa nyumba za familia. Watu wa Lwandle wenyewe ndio walioamua kwamba bweni moja lisigeuzwe. Ni Hostel 33. Makumbusho yao ilifunguliwa tarehe 1 Mei 2000, Siku ya Wafanyakazi, kwenye ukumbi uliokuwa wa chakula cha wale wafanyakazi.

Nimeingia Hostel 33. Ni vitanda, masanduku chini ya vitanda, jiko la mafuta, nguo zimetundikwa. Aliyetuongoza amekulia mtaa uleule, akawa anatuambia huyu alilala hapa, huyu pale. Ndipo nikakumbuka kambi za kwetu.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: pale hapakuokolewa na wataalamu peke yao, bali na waliolala pale. Kwa hiyo barua yako isiende kwa jina lako peke yako. Zungusha karatasi kwa familia za waliotoka kambi ile, Waha, Wamakonde, Wabena, Wanyamwezi, na wenyeji mlioana nao. Uongozi ukiona majina ya koo zilizotajirisha shamba lile kwa jasho, watakaa chini. Na usiombe fedha kwenye barua ya kwanza. Omba wasivunje, basi. Mambo ya fedha yana barua yake.

---

Mkulima_Handeni

Nimesoma yote. Bado sina hakika kama baba angependa. Ila nikuulize mkuu, ukizungusha hiyo karatasi, Handeni utafika? Jina lake alilopewa kambini silo alilozaliwa nalo. Ningependa yaandikwe yote mawili.

---

MjukuuWaMuha (Muheza)

Nitafika. Nikikosa nauli nitakutumia karatasi kwa basi, nawe uirudishe na saini za wengine wa huko. Yataandikwa yote mawili.

---

Karatasi_Kavu (Dar es Salaam)

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka hadi nikastaafu. Naongeza mambo ambayo wenzangu hawajayagusa.

Kwanza sheria. Usitegemee kwamba kambi inalindwa kwa kuwa ni ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, yaani mwaka uleule lilipojengwa hilo ghorofa la dada wa New York. Kambi ya mkonge ni ya baadaye sana, mkonge wenyewe umekuja 1893. Jengo la baadaye linalindwa iwapo Waziri atalitangaza kuwa la kumbukumbu. Hilo linawezekana lakini ni safari ndefu, na bomoabomoa haisubiri. Kwa hiyo njia ya Msafiri ndiyo ya sasa hivi: makubaliano na mwenye shamba, kwa maandishi, vyumba vitajwe kwa namba na mstari, na ramani hata ya mkono iambatanishwe. Nakala peleka Idara ya Mambo ya Kale na kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, ili pawe na mtu mwingine anayejua. Tanga mjini, ndani ya boma la zamani, kuna makumbusho ya Urithi Tanga. Nenda ukae nao, wanaujua mkoa.

Pili, pima kabla ya yote. Hata ukishindwa, chumba kikivunjwa, uwe na vipimo: urefu, upana, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, unene wa ukuta. Piga picha kila kizingiti huku umeweka rula pembeni. Na kizingiti cha babu, mwombe msimamizi wa mafundi akitoe kizima ikiwa italazimika. Kizingiti cha saruji hubebeka, ni suala la kukata pande mbili kwa uangalifu na watu wanne wenye nguvu.

Tatu, vipande. Hapa nasema kama ninayekusihi: USIVIPELEKE STESHENARI KUVILAMINETI. Nimeona vyeti vya ubatizo, kadi za chama, barua za ajira, vyote vimeuliwa hivyo na watu waliopenda kuvitunza. Ile plastiki hubandikwa kwa moto na gundi, na haitoki tena bila kuchana karatasi. Wino wa karani wa miaka ile unaweza kufifia humo ndani na huna la kufanya. Usibandike gundi ya karatasi, usitoboe, usiandike juu yake hata namba. Andika namba kwenye bahasha kwa penseli.

Picha ya studio vivyo hivyo. Usiifute kwa kitambaa chenye maji.

---

MjukuuWaMuha (Muheza)

Mzee wangu shikamoo, asante sana. Nilikuwa nimepanga kulamineti Jumatatu, kweli kabisa, na bei nilishaulizia. Nimeacha.

Sasa niviweke wapi? Nyumba yetu ni ya bati, joto kali, na mchwa wapo.

---

Karatasi_Kavu (Dar es Salaam)

Marahaba. Tafuta boksi la bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, lisiwe na kutu. Kila kipande kiwe ndani ya bahasha yake ya karatasi nyeupe safi, si gazeti, asidi ya karatasi ya gazeti hugeuza karatasi jirani kuwa njano. Yasiwe makaratasi yamekunjwa. Kama yameshakunjika usiyanyooshe kwa pasi, yalaze tu chini ya kitabu kizito siku kadhaa. Boksi lisikae sakafuni wala juu karibu na bati. Weka kwenye rafu ya miguu, kimo cha katikati, upande wa ukuta wa ndani, mbali na jiko, na rafu isiguse ukuta, mchwa hupandia hapo. Fungua uangalie kila baada ya majuma kadhaa, hasa masika, ukiona unyevunyevu acha wazi kivulini saa chache, si juani.

Kabla ya kufunga, piga picha kwa simu mbele na nyuma, asubuhi karibu na mlango, bila flashi. Tuma nakala kwa shangazi, kwa dada wa New York na kwa Mkulima wa Handeni. Nyuma ya vipande huwa kuna maandishi ya karani ambayo watu hawayatazami, namba ya mkataba na mara nyingine alikotoka mtu. Yasome hayo kwanza, halafu ndipo uandike barua yako.